Wiki Tatu za Kujizuia

Saa kumi na moja alfajiri ya Jumanne ile mwili wangu uliamka wenyewe. Kwa miezi saba, saa hiyo nilikuwa nimeshavaa kofia ya baiskeli, chupa mbili zimejaa, mlango nimeufunga polepole nisiwaamshe wa nyumbani. Lakini ratiba iliyobandikwa jikoni ilikuwa na neno moja tu kwenye kisanduku cha siku hiyo: Lala. Nikalala chali, nikitazama feni inavyozunguka. Mwadhini alikuwa amemaliza, na bodaboda wa kwanza alishateremka kuelekea soko la Kongowea, hapa Mombasa. Miguu ilitaka kwenda. Zilikuwa zimebaki siku 19.

Jumapili ijayo, Mungu akipenda, nitaingia baharini kwenye ufuo wa Hobie mjini Gqeberha, Afrika Kusini, mji ambao wengi wetu tuliusoma shuleni kwa jina la Port Elizabeth. Nitaogelea kilomita 3.8, nitapanda baiskeli kilomita 180, kisha nitakimbia marathoni nzima, kilomita 42.2. Anayefika baada ya saa 17 hahesabiwi. Na usipotoka majini ndani ya saa 2 na dakika 20, safari yako inaishia pale pale mchangani. Hii ndiyo triathloni ya masafa marefu, ambayo wengi huijua kwa jina la Ironman, na Gqeberha imekuwa ikiiandaa tangu mwaka 2005.

Watu wakisikia masafa hayo huniuliza nafanyaje mazoezi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza naachaje mazoezi, na huko kuacha ndiko kulikonitoa jasho kuliko safari zote za baiskeli hadi Kilifi. Kuamka usiku na kutoka ni jambo la mazoea. Ukishafanya mara 20, mwili unajipeleka. Kubaki kitandani ukijua wenzako wako barabarani, siku zinakatika, na ada ya kushiriki umeshalipa, hapo ndipo mtu anapojua ana moyo wa namna gani.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kushindwa hapo hapo. Mara ya kwanza nilipojiandikisha kwa masafa haya, siku 12 kabla ya mashindano nilijihisi mzito. Ngazi za ofisini zilinitoa pumzi. Nikaingiwa na hofu kwamba nguvu zote za miezi ile zimenitoroka. Nikatoka Jumatano, jua la saa nne, nikakimbia kilomita 30 kati ya Nyali na Shanzu, kwenda na kurudi, nipate ushahidi kwamba bado naweza. Ushahidi niliupata, nilimaliza. Asubuhi yake kigimbi cha mguu wa kushoto kilikuwa kama kamba iliyopigwa fundo. Nikakikanda, nikakifunga bandeji, nikajidanganya. Siku ya mashindano fundo lile lilikaza kwenye kilomita ya 9 ya mbio. Nilitembea hadi ya 23, kisha nikashindwa kutembea. Nakumbuka kiti cha plastiki, blanketi la karatasi ya kung'aa mabegani, na mama mmoja wa kujitolea ambaye hakusema neno, akapiga magoti akanifungua kamba za viatu. Nililia. Nilikuwa nimejifunza kila kitu isipokuwa kukaa kitako.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Tangu miaka ya 1970 mwanafiziolojia Eric Banister alilieleza kwa namna ninayoipenda: kila zoezi huacha mwilini vitu viwili kwa pamoja, uimara na uchovu. Uchovu ni mkubwa ila hupita upesi; uimara ni mdogo kidogo ila hudumu. Unachokiona siku yoyote ni kile kinachosalia baada ya uchovu kutolewa kwenye uimara. Kwa hiyo ukipunguza mzigo kwa majuma mawili matatu, uchovu unayeyuka huku uimara ungali pale, na ndipo mtu anatokea akiwa na nguvu ambazo yeye mwenyewe hakuwahi kuziona mazoezini. Mwaka 2007 Laurent Bosquet na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za wanariadha, wakaona kwamba faida kubwa hupatikana mtu anapopunguza wingi wa mazoezi kwa asilimia 41 hadi 60, kwa muda wa takriban wiki 2, bila kupunguza kasi wala idadi ya siku za kutoka.

Hayo ya mwisho ndiyo ambayo wengi hatuyashiki. Kupumzika huku si kulala mchana kutwa kama mgonjwa. Katika wiki yangu nzito kabisa nilifanya mazoezi saa 15. Jumapili yake nikavuka daraja la Kilifi nikageukia Matsangoni, nikarudi na chumvi imechora ramani kwenye fulana. Kisha zikaja saa 11, kisha 8, na wiki hii ya mwisho saa 4 tu. Lakini ndani ya hizo 4 kuna vipande vifupi vya kasi ile ile ya siku yenyewe: dakika 5 hapa, dakika 5 pale, miguu isisahau kazi yake. Unaonja, hushibi.

Kwa kupumzika, nawavulia kofia wakimbiaji wenzetu wa Bonde la Ufa. Kambini Iten na Kaptagat, baada ya mazoezi ya asubuhi watu hula, hunywa chai, hulala. Nani hajasikia mwandishi mgeni akitafuta siri ya wakimbiaji wa Kenya kwenye ugali, kwenye mwinuko wa nchi, kwenye miguu mirefu? Usingizi wa mchana hauna picha nzuri, ndiyo maana hautajwi sana.

Siku ya nne ya kupunguza mzigo nilipita kwa mama anayeuza mahamri na mbaazi karibu na stendi. Ni mtu anayeijua saa yangu kuliko kocha.

"Mwanangu, siku hizi alfajiri sikuoni ukipita. Waumwa?"

"La, mama. Napumzika. Mashindano yamekaribia."

Akasimamisha mwiko. "Yamekaribia ndio wapumzika?"

Nikajaribu kumweleza habari za uchovu na uimara, pale pale, na foleni nyuma yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatia mahamri mawili ya ziada kwenye karatasi. "Basi kula," akasema, akamgeukia mteja mwingine.

Na alikuwa amesema kweli, maana ule uzito ulionitisha mara ya kwanza ulikuwa chakula na maji. Misuli isiyochoshwa kila siku hujaza akiba yake ya wanga, inayoitwa glaikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo huhifadhiwa pamoja na karibu gramu 3 za maji. Mizani inapanda kilo moja, mbili, na miguu inajihisi kama imetiwa simenti. Mwaka ule nilidhani naharibika, kumbe ghala lilikuwa linajaa.

Waliolifungua ghala hilo ni Jonas Bergström na Eric Hultman, madaktari wa Stockholm, Sweden, mwaka 1966, na jinsi walivyofanya hunisisimua kila ninapoikumbuka. Walikaa wao wenyewe kwenye baiskeli moja isiyokwenda, mmoja upande huu, mwingine upande ule, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja tu hadi mguu ukaisha nguvu. Mguu wa pili uliachwa umetulia. Wakachomwa sindano nene wakatolewa vipande vidogo vya nyama ya paja, kisha wakala vyakula vya wanga kwa siku tatu, wakichomwa tena na tena. Mguu uliochoshwa ulijaza akiba maradufu ya ule uliopumzika. Mtu mmoja, damu moja, chakula kimoja, miguu miwili tofauti. Kila mkimbiaji anayekula wali mwingi usiku wa kuamkia marathoni anadaiwa shukrani na wale wawili na mapaja yao.

Siku hizi tunaambiwa siku mbili za mwisho tule gramu 8 hadi 12 za wanga kwa kila kilo ya mwili, kwa siku. Mimi nina kilo 68, kwa hiyo nikichukua gramu 10 napata 680. Kikombe cha wali uliopikwa kina kama gramu 45. Piga hesabu: ni vikombe 15 vya wali kwa siku, na hakuna tumbo la Mpwani litakaloona hilo ni adhabu, ila ni wali mweupe, si pilau. Mafuta hujaza nafasi. Mbaazi, maharagwe na sukuma wiki navyo huwekwa kando siku hizo mbili, maana nyuzinyuzi zake hubaki tumboni na kuleta msukosuko njiani. Wali, mkate mweupe, viazi, uji laini, chai yenye sukari bila kuogopa macho ya watu. Ukishindwa kutafuna, kunywa sharubati.

Njiani napo kuna kula. Mwili hupokea karibu gramu 60 za glukosi kwa saa, basi, hata ukiukabidhi gunia. Lakini fruktosi ina mlango wake wa pembeni, na ukichanganya hizo mbili unaweza kufikia gramu 90. Nilipolisoma hilo nilicheka kwa furaha, maana sukari ya muwa ni glukosi na fruktosi zilizoshikana mikono, na tende nazo zimebeba zote mbili. Wanaotengeneza jeli za pakiti hawakutuletea kitu kigeni. Kwenye baiskeli, saa mbili za mwanzo wakati tumbo bado lina subira, mimi nala tende nilizotoa kokwa. Baadaye ndiyo jeli na maji ya sukari yenye chumvi. Haya yote nimeyajaribu barabarani miezi mitatu. Wiki hii hakiingii kinywani kitu nisichokijua.

Maji ni jambo linalohitaji tahadhari zaidi, na nataka wanaojiandaa kwa mbio ndefu zozote walisome taratibu. Tumelelewa tukiambiwa tunywe, tunywe, tusingoje kiu. Mwaka 1985 daktari Tim Noakes wa Afrika Kusini na wenzake walichapisha habari za wanariadha wanne wa masafa marefu waliougua kwa kunywa kupita kiasi: maji yalizidi mwilini, sodiamu ya damu ikashuka, ubongo ukavimba. Tangu wakati huo watu wamekufa kwa jambo hilo katika mbio mbalimbali duniani. Njia ya kujipima ni rahisi. Wiki tatu zilizopita nilijipima mizani bila nguo, nikakimbia saa moja bila kunywa, nikajikausha kwa taulo, nikajipima tena: kutoka kilo 68.4 hadi 67.0. Ndiyo kusema jua la Mombasa mwezi wa tatu linanitoa lita 1.4 kwa saa. Gqeberha kuna ubaridi, sitatoka jasho hilo, kwa hiyo nikinywa kwa kipimo cha Mombasa nitajitafutia balaa. Nimepanga nusu lita kwa saa, nikisikiliza kiu.

Waliotutangulia hawakuwa na mipango hiyo. Mashindano ya kwanza kabisa ya Ironman, kisiwani Oahu, Hawaii, Februari 18, 1978, yalikuwa na watu 15, wakamaliza 12. Gordon Haller alishinda kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Nyuma yake alikuwa John Dunbar, ambaye wasaidizi wake waliishiwa maji njiani wakampa bia. Akafika wa pili. Naisimulia hadithi hiyo kwa heshima, kwa kuwa watu wale hawakuwa na ratiba jikoni wala kipimo cha jasho, walikwenda wakaona.

Kilichonitisha safari hii ni baridi ya maji. Mimi nimejifunza kuogelea ndani ya mwamba wa Nyali, ambako siku za bamvua maji hujaa alfajiri na jioni, na mwezi huu wa tatu huwa karibu nyuzi 29, kama ya kuogea mtoto. Ghuba ya Algoa huwa na karibu nyuzi 10 pungufu. Kuna suti ya mpira, ndiyo, na nimekodi moja nikaivaa baharini hapa mara mbili, nikichemka ndani yake kama ndizi kwenye sufuria. Lakini suti haifuniki uso, na ngozi ndiyo inayopeleka habari. Mtu akiingia ghafla kwenye maji baridi pumzi humruka, moyo humwenda mbio, na kwa dakika moja au mbili hawezi kuamuru kifua chake. Profesa Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, ameonyesha kwamba ukiingia kwenye maji baridi mara 5 au 6, dakika chache kila mara, mshtuko huo hupungua kwa karibu nusu.

Basi nikanunua barafu kwa wauza samaki. Pipa la buluu la lita 200 liliwekwa uani, likajazwa maji hadi kiunoni, barafu ikavunjwa kwa mchi. Mdogo wangu akasimama na saa, maana jambo hili halifanywi peke yako. Mara ya kwanza nilitoa sauti ambayo jirani aliisikia akachungulia ukutani. Pumzi zilikuja fupi fupi, juu juu, kama za mbwa aliyekimbizwa. Nikashika ukingo wa pipa, nikajilazimisha kutoa hewa polepole kuliko nilivyoivuta, nikihesabu. Sekunde 50 zilipita kabla kifua hakijanirudia. Juzi, mara ya sita, zilikuwa sekunde 20, na nilizamisha uso nikafungua macho ndani ya miwani nikaona vipande vya barafu vinaelea juu yangu kama madirisha. Harufu ya changu ilibaki kwenye nywele siku nzima.

Wiki ya pili ya kujizuia ndiyo mbaya. Nayo huja na maumivu ya uongo. Goti la kulia lilianza kunichoma Alhamisi, mchana lilihamia la kushoto, usiku likawa bega. Koo likawasha. Nilinawa mikono kama mpasuaji na kumkwepa mpwa wangu mwenye mafua, jambo ambalo bado naona aibu nalo, maana alitaka kubebwa tu. Wanariadha wazoefu wanayajua maumivu haya: mwili uliozoea kuzimwa na uchovu unapata nafasi ya kulalamikia kila kitu kidogo. Jibu ni kuyasikiliza siku mbili bila kuyakimbilia. Yangu yaliondoka bila kuaga.

Nilipata vilevile muda, kitu nilichokuwa nimewanyima watu wangu tangu Septemba. Nilikaa barazani na mama jioni nzima tukimenya viazi vitamu. Hakuniuliza habari za mashindano. Alinieleza kisa cha marehemu babu na jahazi lililokaa bandarini likingoja kusi, kisa ambacho nimekisikia mara nyingi, lakini safari hii nilikaa hadi mwisho wake. Nje kaskazi ilikuwa imelegea, malelezi yameanza, upepo hujui unatoka wapi. Gqeberha wanauita mji wa upepo, na huko hakuna ratiba ya kuuzuia.

Baiskeli nilimpelekea fundi wiki tatu kabla, ili mnyororo na matairi mapya yapate siku za kuzoeana barabarani. Karakana yake ni mwarobaini mmoja, benchi, na kopo la grisi. Amekulia kwenye Black Mamba za chuma, zile za kubebea mkaa na magunia, na hii yangu ya kaboni huishika kwa vidole kama anayeshika yai. Aliinua gurudumu la nyuma juu, akalegeza breki, akaweka sikio kwenye kiti na kulizungusha kwa mkono. Akafumba macho.

"Mwanangu, yalia."

"Mimi sisikii kitu, mzee."

"Weka sikio."

Nikaweka. Ndani ya ule uzi mrefu wa mlio kulikuwa na kijikwaruzo kidogo mno, kikipita na kurudi. Bearingi ya nyuma ilikuwa imeingia chumvi, hewa ya pwani ile ile inayokula mabati yetu. Aliifungua, akanionyesha gololi zilizopata madoa ya kutu kama ya mchele mbovu. Kwenye kilomita 180 bearingi hiyo ingeninyima nguvu kila mzunguko, na nisingejua kwa nini.

Jana jioni nilirudi kwake tuifunge kwa safari, maana kesho naondoka. Alizungushia utepe mweusi kwenye nguzo ya kiti kuweka alama ya kimo changu. Pedali ya kulia akaifungua kama skrubu yoyote. Ya kushoto akaigeuza kinyume, maana ndivyo ilivyo uzi wake, akanifanya nirudie mwenyewe mara mbili ili nisije nikaivunja huko ugenini. Kile kipande chembamba cha alumini kinachoshika gia ya nyuma, ambacho ndicho hupinda kwanza kasha likiangushwa, alikitoa kabisa, akakifunga kwenye gazeti pamoja na cha akiba alichokitafuta mjini bila mimi kumwagiza.

Nikatoa pesa. Akaendelea kufuta mikono kwa kitambaa.

"Nenda nazo. Utanilipa ukirudi, unihadithie upepo."

Kasha tulilitundika kwenye mizani ya muuza vyuma wa jirani. Shirika la ndege linaruhusu kilo 23. Mshale ulisimama kwenye 22 na nusu. Nikavuka barabara, nikanunua tende nusu kilo, nikazijazia pembeni, kati ya gurudumu na viatu.